Je, bei ya stima hupandishwa kisirisiri?

Wengi hapa Mombasa huamini kwamba tokeni za shilingi 500 zikileta yuniti chache kuliko mwezi uliopita, basi kampuni ya umeme imepandisha bei kimyakimya. Shaka hiyo inaeleweka. Mfuko ndio unaoumia.

Lakini bei ya msingi kampuni haiibadilishi peke yake. Huiomba kwa mdhibiti wa nishati wa serikali, ikitaja gharama za nyaya, transfoma na madeni, na wananchi huitwa kutoa maoni. Kinachopanda na kushuka kila mwezi ni tozo za mafuta na za fedha za kigeni: mitambo ya umeme ya hapa Kipevu huchoma mafuta mazito, na baadhi ya gharama za umeme hulipwa kwa dola.

Kisha kuna madaraja ya matumizi. Wastani wako wa mwezi, kwa miezi mitatu, ukivuka yuniti 30, kisha 100, kila yuniti huwa ghali zaidi. Friji kuukuu yatosha kukuvusha, na naona hili ndilo huwaumiza wengi bila kujua.

Kwa hiyo usifute ujumbe wa tokeni. Gawanya pesa za stima yenyewe, bila tozo na kodi, kwa yuniti ulizopata. Jibu likipanda, angalia daraja lako kwanza. Likibaki palepale, tozo ndizo zilizoongezeka.