Kusalimu amri bila masharti: maana yake, na kwa nini mjadala wa Hiroshima unarudi hapo

Kusalimu si kuamkia tu. Ni kukabidhi pia, na anayesalimu amri anaikabidhi amri yenyewe: tangu saa hiyo haamuru, anaamriwa. Ukiongeza "bila masharti", umemnyima hata nafasi ya kuuliza. Hajui atabaki na nini, nani atafikishwa mahakamani, wala mfalme wake atafanywaje. Yote hayo ataamua mshindi, kwa wakati wake.

Rais Franklin Roosevelt wa Marekani aliyatangaza maneno hayo Casablanca, Moroko, tarehe 24 Januari 1943, Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikiendelea, mbele ya waandishi wa habari, Winston Churchill akiwa ameketi kando yake. Nyuma ya maneno hayo kulikuwa na kumbukumbu ya 1918, mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka ule Ujerumani iliomba mapigano yasimame kabla adui hajafika Berlin, na baadaye Wanazi wakawaaminisha wananchi kwamba jeshi lao halikushindwa, lilisalitiwa. Safari hii uongo wa aina hiyo usipate pa kushika. Mei 1945 Ujerumani ikasalimu amri hivyo hivyo, bila sharti lolote.

Kwa Japani palikuwa na Mfalme Hirohito. Raia walifundishwa tangu shuleni kwamba ukoo wake umetokana na miungu, na wengi wakayasikia maneno ya Roosevelt kama tishio kwamba atang'olewa, pengine hata kunyongwa. Joseph Grew, aliyekaa Tokyo akiwa balozi wa Marekani karibu miaka kumi kabla ya vita, alilijua hilo vizuri. Mwishoni mwa Mei 1945 alimshauri Rais Harry Truman, aliyemrithi Roosevelt, awaambie Wajapani kwamba wataruhusiwa kuchagua wenyewe kubaki na ufalme. Waziri wa Vita wa Marekani, Henry Stimson, naye akaingiza wazo hilo katika rasimu ya tamko la kuitaka Japani isalimu amri: ufalme wa kikatiba chini ya ukoo ule ule. Kabla ya kutangazwa, sentensi hiyo ilifutwa. Waziri wa Mambo ya Nje, James Byrnes, aliogopa hasira ya Wamarekani, ambao wengi wao walitaka Hirohito aadhibiwe. Tamko la Potsdam la tarehe 26 Julai likataka majeshi yote ya Japani yasalimu amri bila masharti, la sivyo nchi itaangamizwa. Mfalme hakutajwa kwa neno hata moja.

Sentensi ile iliyofutwa ndiyo inayowagawa watu hadi leo. Wanaosema mabomu ya atomiki ambayo Marekani iliyaangusha Hiroshima na Nagasaki, Agosti 1945, hayakuwa ya lazima huonyesha simu za maandishi ambazo Waziri wa Mambo ya Nje wa Japani, Togo Shigenori, alimpelekea balozi wake Moscow mwezi huo wa Julai. Alieleza kwamba maadamu Marekani na Uingereza zinashikilia kusalimu amri bila masharti, Japani haina budi kuendelea kupigana. Wamarekani walikuwa wamekwisha kuzifumbua ishara za siri za Tokyo, wakawa wanazisoma simu hizo. Mwanafalsafa Mwingereza Elizabeth Anscombe, aliyepinga Chuo Kikuu cha Oxford kumpa Truman shahada ya heshima mwaka 1956, aliona mzizi wa ubaya wote uko katika dai hilo, kuliko hata katika bomu.

Lakini zisome simu hizo hadi mwisho. Balozi Sato Naotake alimsihi mkubwa wake akubali, mradi ufalme ubaki. Togo akakataa. Na asubuhi ya tarehe 9 Agosti, siku tatu baada ya Hiroshima, huku majeshi ya Urusi ya Kisovieti yakiwa yameingia Manchuria, eneo la China lililokuwa mikononi mwa Japani, usiku uliotangulia, viongozi sita wa baraza la vita walipokutana waligawanyika watatu kwa watatu. Nusu walitaka sharti moja, la Mfalme. Wenzao walidai manne: Mfalme abaki, Wajapani wajinyang'anye silaha wenyewe, wawashitaki wahalifu wao wenyewe, na nchi isikaliwe na majeshi ya kigeni. Habari za Nagasaki ziliwakuta wangali wanabishana.

Kwa hiyo simwamini anayeniambia kwamba sentensi ya Stimson ingetosha kumaliza vita mwezi wa Julai. Ninachokisikitikia ni kwamba haikujaribiwa. Kuiandika kusingegharimu uhai wa askari hata mmoja, na hadi mwisho wa mwaka ule watu kama 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima, na kama 70,000 Nagasaki.

Tarehe 10 Agosti Japani ilijibu kwamba inalikubali tamko la Potsdam, ila enzi ya Mfalme isiguswe. Jibu la Byrnes la siku iliyofuata halikusema ndiyo wala hapana. Lilisema mamlaka ya Mfalme yatakuwa chini ya Kamanda Mkuu wa majeshi ya ushirika, na aina ya serikali itaamuliwa na Wajapani wenyewe. Amri ilikabidhiwa kweli, lakini kiti cha enzi hakikuvunjwa.

Mchana wa tarehe 15 Agosti, Wajapani waliisikia sauti ya Hirohito redioni kwa mara ya kwanza. Aliwaambia kwamba serikali imelikubali tamko la mataifa manne. Kusalimu amri hakukutaja. Alibaki Mfalme hadi alipofariki, Januari 1989.