Haloalkani za daraja la kwanza na kanuni ya "maji au spiriti"

Dhana: Haloalkani, yaani mnyororo wa kaboni wenye halojeni kama bromini au klorini, ikikutana na potasiamu haidroksidi ndani ya maji hutoa alkoholi, ndani ya ethanoli (spiriti) ya moto hutoa alkeni, yenye bondi mbili kati ya kaboni mbili.

Nani aliyesoma kemia kidato cha tano na sita hajaikariri hii? Kwenye mtihani inakupa alama. Maabarani mambo ni mengine. Chemsha 1-bromobutani na sodiamu ethoksidi ndani ya ethanoli: takriban asilimia 90 ya unachopata ni etha (oksijeni katikati ya minyororo miwili ya kaboni), na alkeni ni kama asilimia 10 tu. Ukitumia potasiamu haidroksidi hukwepi hali hiyo, maana nayo ikiwa ndani ya ethanoli huzalisha ethoksidi.

Tazama kaboni iliyoshika bromini. Imeungana na kaboni nyingine moja tu, ndiyo maana ya daraja la kwanza, na haidrojeni zake mbili ni ndogo, kwa hiyo mlango wa nyuma, upande ulio mkabala na bromini, uko wazi. Ethoksidi ni nyembamba. Inaingia kwa nyuma huku bromidi ikitokea mbele, yote kwa hatua moja. Ihangaike nini kung'oa haidrojeni ya kaboni ya jirani? Kanuni ya shuleni inawafaa zaidi wa daraja la tatu, ambao kaboni yao yenye halojeni imeungana na kaboni tatu, kama 2-bromo-2-methilipropani, ambako mlango umezibwa.

Ukiitaka alkeni kweli, tumia besi (kemikali inayong'oa haidrojeni) iliyo nene. Tet-butoksidi, ambayo oksijeni yake imekaa juu ya kaboni yenye methili tatu, haipenyi. Mfano ninaoupenda ni 1-bromooktadekani: kwa methoksidi, alkeni ni kama asilimia 1, kwa tet-butoksidi, kama asilimia 85. Mnyororo ni uleule, bromini ni ileile. Joto nalo husaidia upande wa alkeni.

Dhana: Ikiwa ya daraja la kwanza, basi ubadilishaji (halojeni kutoka na kingine kukaa mahali pake) ni wa haraka.

Si 1-bromo-2,2-dimethilipropani. Kwa kuhesabu ni ya daraja la kwanza, ila jirani yake amebeba methili tatu, na mmenyuko hupungua kasi karibu mara laki moja ukilinganisha na bromoethani. Wanafunzi wangu hukimbilia kuandika alkeni. Nawaambia waichore. Wakifika kwenye bondi ya pili, kaboni ya jirani inakuwa na mikono mitano, na darasa linacheka: haikuwa na haidrojeni ya kutoa.

Dhana: Florini huvuta elektroni kuliko wenzake, hivyo ndiyo huondoka upesi.

Kinyume chake. Bondi ya kaboni na florini ni ngumu kuvunja. Iodidi hutangulia, kisha bromidi, kisha kloridi. Liangalie kwa macho: weka sodiamu iodidi iliyoyeyushwa kwenye asetoni ndani ya mirija miwili ya kioo. Dondoshea mmoja 1-bromobutani, mwingine 1-klorobutani. Wa kwanza hutoa mashapo meupe ndani ya dakika chache, kwa kuwa sodiamu bromidi haiyeyuki kwenye asetoni. Wa pili hubaki mwangavu mpaka uutie kwenye maji ya moto, kama nyuzi 50.