Kwa nini steji ya Malindi ibaki mjini, na pesa zake zitoke wapi

Kila msimu wa bajeti ukikaribia, wazo lile lile hurudi: steji, yaani kituo cha matatu, ihamishwe nje ya mji. Naelewa linakotoka. Katikati ya Malindi pamebanana. Matatu za Mombasa, za Watamu na za Marafa zinagombania kona na tuktuk, boda na mikokoteni, na kiwanja cha serikali kikipatikana kule nje, hakuna wa kulipwa fidia. Kazi yangu ni kupanga usafiri wa miji, na wazo hili nalipinga kwa sababu ya hesabu. Kaunti yetu ya Kilifi isipolipia ardhi, gharama haipotei. Abiria ndiye atakayeilipa, kidogo kidogo, kwa nauli.

Chukua mama anayetoka Marafa kumpeleka mtoto hospitali, kisha apite sokoni kabla ya kurudi. Leo anashuka na kutembea. Steji ikiwa kilomita nne nje, atapanda tuktuk ya kuingia mjini na nyingine ya kutoka, na akiwa na gunia la maembe, gunia nalo litalipiwa kama mtu. Tuseme, kwa mfano tu, walio katika hali yake ni watu 3,000 kwa siku, na kila mmoja anaongeza shilingi 100 za kwenda na kurudi. Hiyo ni shilingi 300,000 kwa siku, zaidi ya milioni 100 kwa mwaka, mwaka baada ya mwaka. Kiwanja cha katikati ya mji kitakuwa kimeshalipwa mara kadhaa, ila malipo hayo hayataonekana katika kitabu chochote cha serikali.

Majirani zetu wa Dar es Salaam wamelipitia jambo hili. Stendi ya mabasi ya mikoani ilihama kutoka Ubungo kwenda Mbezi Luis, ikafunguliwa Februari 2021 kwa gharama ya takriban shilingi bilioni 50.9 za Tanzania. Ni jengo kubwa na safi, na mabasi yameacha kuziba barabara ya Ubungo. Lakini njia kuu ya mabasi ya mwendokasi, yale yenye barabara yao wenyewe, ya awamu ya kwanza ilikuwa inaishia Kimara, kabla ya kufika Mbezi, kwa hiyo msafiri mwenye mizigo alibaki na kipande cha safari cha kuunganisha mwenyewe. Mji wa ukubwa ule, wenye mabasi ya kwenda Mwanza na Arusha, una sababu ya kuipeleka nje stendi ya safari za mbali. Malindi, yenye wakazi karibu 120,000 kwa sensa ya 2019, haina sababu hiyo kwa matatu za Gede na Mambrui.

Msongamano basi tuufanyeje? Ukisimama penye steji yoyote ya Pwani kwa saa moja na kalamu mkononi, utaona kwamba nafasi nyingi haichukuliwi na watu wanaopanda wala wanaoshuka. Inachukuliwa na magari yanayongoja. Matatu inayokaa dakika 40 ikipigiwa debe mpaka ijae inaimeza nafasi yake kwa dakika zote hizo. Nafasi 10 za namna hiyo zinatoa magari 15 kwa saa. Gari likiruhusiwa kuingia likae dakika 10 tu, nafasi zile zile 10 zinatoa magari 60 kwa saa. Ardhi haijaongezeka hata futi moja, na steji imekuwa kubwa mara nne.

Kwa hiyo ninachopendekeza ni viwanja viwili. Kimoja kidogo, mjini, karibu na soko, kwa kupakia na kushusha tu. Kingine pembeni, pale ambapo ardhi ni rahisi, magari yangoje zamu, yaoshwe, yakaguliwe tairi, na madereva wapate chakula na choo. Gari linaitwa kwa simu nafasi ikibaki wazi. Kinachofaa kwenda nje ni kungoja kwa magari, na hicho hakimgharimu abiria chochote.

Je, wenye magari watakubali? Mazungumzo haya ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kanuni za mwaka 2014 za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, zilitaka kila gari la abiria liwe chini ya sacco (chama cha ushirika) au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Kuna viongozi wa kukaa nao mezani. Manamba na wapiga debe lazima nao wawepo tangu kikao cha kwanza, maana zamu ikipangwa kwa simu riziki yao ndiyo inayoguswa. Wao wanajua saa ngapi watu wa Langobaya wanarudi nyumbani kuliko karatasi yoyote niliyonayo ofisini. Wapewe kazi ya kusimamia zamu, kwa mshahara.

Basi za Garsen, Hola na Lamu ni habari nyingine. Zina mizigo ya kwenye keria, zinakuja chache, na baadhi zinapita tu zikitoka Mombasa. Hizo zinaweza kusimama ukingoni mwa mji, penye barabara kuu, mradi abiria apate tuktuk ya bei iliyobandikwa ukutani. Na msafiri wa Lamu hamalizi safari yake kwenye lami. Anashuka Mokowe na kuingia botini, kwa hiyo saa ya basi kuondoka Malindi ipangwe kwa kuangalia saa ya mwisho ya kuvuka salama.

Nisisahau paa. Hapa tuko karibu digrii 3 kusini mwa ikweta. Jua la mchana linatupiga kutoka kaskazini mwezi wa Juni na kutoka kusini mwezi wa Disemba, lakini linalotesa watu ni lile la alasiri, linaloingia chini ya paa kutoka magharibi. Kibanda cha kungojea kikijengwa kirefu kutoka mashariki hadi magharibi, upande unaotazama jua la alasiri unakuwa mfupi, na ukuta mdogo wenye matundu unautosha. Kikijengwa kinyume, saa kumi benchi zote zitakuwa tupu na watu wamejibanza nyuma ya duka la jirani. Kukirekebisha kwenye mchoro hakugharimu kitu. Mitaro nayo ichimbwe kabla ya lami, kwa sababu masika haingoji awamu ya pili ya mradi.

Sasa pesa. Kwa Katiba ya 2010, usafiri wa umma wa barabarani, maegesho na barabara za kaunti ni kazi ya kaunti. Sheria ya fedha za umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo. Nje ya hapo, manispaa zilipata mlango mwingine kupitia KUSP, mpango wa Benki ya Dunia wa kusaidia miji ya Kenya, mkopo wa dola milioni 300 ulioidhinishwa 2017 kwa miji 59 katika kaunti 45, kwa masharti kwamba mji uwe na bodi, meneja na mpango wake. Pesa za aina hiyo zinafaa kujenga barabara, mitaro, taa na njia za miguu. Kukopa moja kwa moja ni kugumu: Kifungu cha 212 cha Katiba kinataka dhamana ya serikali kuu na idhini ya bunge la kaunti.

Kuna njia ambayo tunaizungumzia kidogo mno, nayo ni thamani ya viwanja vinavyozunguka steji. Mjini Denver, Marekani, Union Station ilifunguliwa upya mwaka 2014 ikiwa imeunganisha mabasi na treni katikati ya mji, kwa takriban dola milioni 500. Zaidi ya nusu ya pesa hizo ilikuwa mikopo miwili ya serikali kuu, karibu dola milioni 300 kwa pamoja, na sehemu ya malipo yake ilitegemewa kutoka kwenye ongezeko la kodi za majengo yaliyoota kuizunguka stesheni. Majengo yalikuja haraka, na serikali kuu ikalipwa kabla ya muda, mwaka 2017. Malindi haiwezi kuinakili Denver, lakini duka lililo mkabala na steji hapa kwetu nalo hupanda bei. Kodi ya viwanja ikikadiriwa kwa thamani ya zamani, faida yote inabaki kwa mwenye duka, ilhali steji iliyompa wateja haina hela ya sabuni ya choo. Sheria mpya ya kukadiria kodi ya viwanja ya mwaka 2024 imeipa kaunti nafasi ya kulisahihisha hilo.

Ukadiriaji wenyewe hapa Pwani unataka uangalifu. Sheria ya hatimiliki ya 1908 iliwaacha wengi bila karatasi kwenye ardhi waliyoishi, kwa hiyo jina lililo kwenye hati na mtu aliye kwenye kiwanja mara nyingi ni wawili tofauti. Mpangaji wa kibanda asibebeshwe kodi ya thamani ya ardhi isiyo yake.

Linaloniumiza zaidi ni ada ya steji. Dereva anailipa kila siku, kisha kwa Kifungu cha 207 cha Katiba inaingia katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti pamoja na mapato mengine yote. Taa ya steji ikiungua, inasubiri bajeti kama kila kitu kingine. Sheria ile ya fedha za umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuanzisha mfuko maalumu kwa idhini ya bunge lake. Mfuko wa steji uandikwe, sehemu ya ada na kodi za vibanda irudi humo, na mama wa mahamri na mbaazi awe na nafasi iliyochorwa na risiti mkononi, asifukuzwe kila asubuhi.

Mpango wa maendeleo wa kila mwaka unatakiwa uwe umefika bunge la kaunti ifikapo Septemba 1. Kwa steji ya Malindi ningependa kuona humo mambo matatu: hesabu ya abiria, mchoro wa mitaro, na pendekezo la mfuko. Hesabu ndiyo ya kuanza nayo. Inahitaji vijana wachache wenye karatasi kwenye kila mlango, siku ya kawaida moja na siku moja ya kuelekea Idi, kuanzia alfajiri hadi magari ya mwisho ya usiku, na inaweza kufanywa mwezi ujao bila kumngoja mfadhili yeyote.