Makamu wa Rais si fungu la Zanzibar, na dhana nyingine ninazozisikia ofisini

Kwenye chumba cha kusubiria cha ofisi yangu kuna runinga ndogo. Taarifa ya habari ya saa saba ikianza, wateja waliokuja kwa mirathi na viwanja hugeuka wataalamu wa Katiba. Juzi mzee mmoja mwenye kesi ya mpaka wa shamba alinifuata hadi mlangoni. "Wakili, mwanangu, hebu nielimishe. Kiti cha Makamu si cha Wazanzibari? Mbona kakikalia Nchimbi, aliyekuwa mbunge wa Songea?" Mwaka 2021 niliulizwa hayo hayo kuhusu Philip Mpango, mtu wa Kigoma, aliyekuwa Makamu kabla ya Nchimbi. Nimechoka kujibu kimoja kimoja nikiwa nimebeba faili la mtu mwingine mkononi, kwa hiyo najibu hapa mara moja.

"Makamu wa Rais ni kiti cha Zanzibar"

Si kweli. Ibara ya 47 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano haimpi Mzanzibari kiti hicho, wala haimpi mtu wa Bara. Inachosema ni kwamba Rais akitoka sehemu moja ya Muungano, Makamu wake atatoka sehemu ya pili. Rais Samia ni Mzanzibari. Chama chake kingependa vipi, mgombea mwenza wake hakuweza kutoka Unguja wala Pemba.

Dhana hii najua ilikoota. Tangu 1995 hadi 2021 marais wote walitoka Bara: Mkapa, Kikwete, Magufuli. Kwa hiyo makamu wao wote wakatoka Zanzibar: Dk. Omar Ali Juma, Dk. Ali Mohamed Shein, Dk. Mohamed Gharib Bilal, kisha Samia mwenyewe. Kijana aliyezaliwa mwaka 1990 amekua akiona hivyo tu, akadhani ndiyo sheria.

Lakini mzee wangu wa shamba si kijana, na kwake mzizi ni wa zamani zaidi. Muungano ulipoundwa Aprili 1964 tulikuwa na makamu wawili. Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa Zanzibar, alikuwa Makamu wa Kwanza. Rashidi Kawawa, mtu wa Bara, alikuwa Makamu wa Pili na ndiye aliyeongoza shughuli za Serikali bungeni. Karume alipouawa Aprili 1972, Aboud Jumbe alirithi viti vyote viwili, cha Zanzibar na cha Umakamu. Jumbe akajiuzulu Januari 1984, akaja Ali Hassan Mwinyi, naye vivyo hivyo. Miaka 20 ukiwa Rais wa Zanzibar, Umakamu wa Muungano unakufuata wenyewe kama kivuli. Mzee huyu haoti; anakumbuka kitu kilichokuwepo.

Asichokumbuka ni kilichofuata. Mwaka 1985 Mwinyi akawa Rais wa Muungano, na hapo utaratibu ukapinduka. Makamu wa Kwanza akawa mtu wa Bara, Joseph Warioba, ambaye wakati huo huo alikuwa Waziri Mkuu. Rais wa Zanzibar, Idris Abdul Wakil, akawa Makamu wa Pili. Warioba akafuatwa na Malecela, Malecela na Msuya, wote wa Bara. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Mpango alikuwa "wa kwanza kutoka Bara", mwulize miaka ile kumi alikuwa wapi.

Kilichouvunja mpango wa zamani ni vyama vingi. Baada ya 1992 ikawezekana chama kimoja kushika Dodoma na kingine kushika Unguja. Kama Rais wa Zanzibar angeendelea kuwa Makamu moja kwa moja, Rais wa Muungano angeweza kujikuta msaidizi wake mkuu, na mrithi wake akifa, ni mpinzani. Haikuwa hofu ya hewani. Kwenye uchaguzi wa Oktoba 1995 Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi Zanzibar kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Seif Sharif Hamad wa CUF. Uchaguzi ule ndio wa kwanza kutumia mgombea mwenza, kufuatia Mabadiliko ya Kumi na Moja ya Katiba: unampigia Rais kura, na Makamu yumo humo humo kwenye kura hiyo moja. Kama sharti la zamani lingebaki, kura chache za visiwani zingempa Mkapa makamu wa CUF.

Kama kuna kitu kimoja cha kushika, shika hicho. Wengi husoma ibara bila kuuliza iliandikwa kumzuia nani.

"Rais akifa, Makamu anakaimu hadi uchaguzi"

Magufuli alifariki 17 Machi 2021. Samia aliapishwa tarehe 19, akawa Rais kamili, si kaimu wala wa mpito. Ibara ya 37(5) inamtaka amalize kipindi kilichobaki, apendekeze Makamu, na Bunge lithibitishe. Kukaimu ni pale Rais akiwa safarini au akiugua.

"Rais anaweza kumtumbua Makamu"

Waziri, ndiyo, hata usiku wa manane. Makamu alichaguliwa kwa kura zile zile za Rais, na njia ya kumwondoa inapita bungeni.

"Waziri Mkuu ni mkubwa kuliko Makamu"

Waziri Mkuu husimamia shughuli za Serikali za kila siku na anaonekana zaidi bungeni, ndiyo maana watu wanachanganya. Rais asipokuwepo anaanza Makamu. Makamu naye asipokuwepo, ndipo Waziri Mkuu.

"Ni spea tairi tu"

Mifuko ya plastiki iliyopotea sokoni Juni 2019 iliondolewa na kanuni zilizotoka Ofisi ya Makamu wa Rais, yenye dhamana ya Muungano na Mazingira. Mama anayekuuzia nyanya sasa hivi anaijua kazi ya ofisi hiyo kuliko wachambuzi wengi wa mitandaoni.

"Othman Masoud naye alikuwa Makamu wa Rais, kwa hiyo wako wangapi?"

Zanzibar ina nafasi zake mbili za makamu tangu Serikali ya Umoja wa Kitaifa ya 2010, na Othman alishika ya Makamu wa Kwanza. Nafasi hizo ni za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Makamu wa Muungano ni mmoja.

"Kipindi cha kumalizia hakihesabiwi"

Hili nililiulizwa sana kabla ya uchaguzi wa 2025, na jibu liko ibara ya 40. Makamu akirithi urais na kuukalia kwa muda usiofika miaka mitatu, ataruhusiwa kugombea mara mbili. Ikiwa ni miaka mitatu au zaidi, mara moja tu. Toka Machi 2021 hadi Oktoba 2025 ni miaka minne na nusu, kwa hiyo Samia alikuwa na mara moja tu, ile ya 2025. Mzee wa shamba aliihesabu kwa vidole, akanitazama, akasema, "Kwa hiyo 2030 Makamu anaweza kurudi kuwa Mzanzibari?" Nikamwambia itategemea Rais atatoka wapi. Akacheka, akanikumbusha kesi yake iko Jumanne.