Gari la maji la Hola: namna ya kutafuta na kusoma hati za kale

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya kizuizini ya Hola, karibu na Mto Tana, mahabusu 11, waliozuiliwa wakati wa vita vya Mau Mau, waliuawa. Serikali ya kikoloni ya Kenya haikukawia kutoa taarifa kwa magazeti. Ilisema kwamba watu hao walikuwa katika kundi lililokuwa likifanya kazi ya mifereji, na kwamba vifo vilitokea baada ya wao kunywa maji ya gari la maji lililotumiwa na kundi zima pamoja na walinzi.

Nikifundisha wanafunzi wa historia, taarifa hiyo ndiyo ninayoanza nayo. Imeandikwa wakati uleule wa tukio, imetoka ofisi rasmi, na tarehe yake inajulikana. Kwa kipimo tulichozoea shuleni, hicho ni chanzo cha msingi kisicho na kasoro. Hata hivyo, anayeisoma na kuiamini ataondoka akijua machache kuliko asiyeisoma kabisa.

Irudie polepole. Taarifa haisemi kwamba maji yaliwaua. Inasema walikufa *baada ya* kunywa maji. Pengine ni kweli walikunywa, kwa kuwa Hola ni nchi ya jua kali na watu walikuwa kazini. Lakini "baada ya" si "kwa sababu ya", na aliyeandika alijua kwamba msomaji mwenye haraka atayaunganisha mwenyewe. Kisha tazama mkia wa sentensi: walinzi nao walikunywa maji yayo hayo. Basi mbona hakufa mlinzi hata mmoja? Maneno yaliyowekwa ili kuondoa shaka ndiyo yanayoileta. Mara nyingi hati ya serikali hujisaliti mahali inapojitahidi mno kueleza jambo ambalo hakuna aliyeliuliza.

Uchunguzi wa vifo mbele ya hakimu ulileta habari nyingine. Miili ilikuwa na majeraha, na hakimu aliona kwamba vifo vilitokana na kipigo. Palikuwa pia na mpango ulioandikwa kabla, ukijulikana kwa jina la ofisa wa magereza, John Cowan, wa namna ya kuwafanya mahabusu waliokataa kazi waifanye. Maneno yake ya Kiingereza yalisema wakokotwe hadi kazini na walazimishwe kuitimiza. Neno lililotumika kwa huko kukokotwa, *manhandled*, lina upana wa kutisha: laweza kuwa kushikwa mkono na kusukumwa, laweza kuwa zaidi ya hapo. Msomaji wa Kiswahili ana swali la ziada ambalo wasomaji wa London hawakuwa nalo: neno hilo lilipofika kwa askari aliyeshika rungu, aliambiwa nini, na kwa lugha gani? Ushahidi mwingi wa enzi hiyo ulitolewa kwa lugha zetu ukaandikwa kwa Kiingereza na karani au mkalimani. Unaposoma "shahidi alisema", kumbuka kuna mtu wa tatu katikati ambaye hakutia sahihi.

Sasa, hati hizi zinapatikana wapi? Ofisi ya Nyaraka za Kitaifa Nairobi iko pale Moi Avenue, katika jengo lililokuwa benki zamani, ambalo wengi wetu tunalijua kama mahali pa kumngojea rafiki kabla ya kwenda kupanda matatu. Ingia ndani. Chini kuna mkusanyo wa sanaa wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, na mtu anaweza kupotelea hapo asubuhi nzima. (Mimi nimepotelea.) Kazi ya majalada iko kwenye chumba cha kusomea.

Kosa la wageni wengi ni kufika na mada. Wanaomba "faili la Hola", wanaletewa kidogo, wanaondoka wakilalamika. Nyaraka hazikupangwa kwa mada; zimefuata ofisi iliyoziandika. Kwa hiyo kabla ya kwenda, keti na karatasi ujiulize ni nani aliyekuwa na wajibu wa kuandika juu ya jambo hilo. Kwa Hola: idara ya magereza, wizara iliyosimamia kambi, mkuu wa Mkoa wa Pwani, idara ya afya, mahakama, idara ya habari, na mamlaka ya London iliyopokea simu za maandishi. Kila moja ina alama zake za majalada; zile za mkuu wa mkoa, kwa mfano, huanza na PC/COAST. Hati moja inaweza kuwa na nakala katika ofisi nne, na nakala ya nne ikawa na maandishi ya kalamu pembeni ambayo hayapo kwenye nyingine. Maandishi hayo ya pembeni mara nyingi yana thamani kuliko barua yenyewe. Na tafadhali, andika namba ya jalada kabla ya kunakili neno lolote. Nimewaona watu wazima wakihangaika kutafuta upya ukurasa waliokuwa nao mikononi mwezi uliopita.

Asiyeweza kufika Nairobi anaweza kuanza na mijadala ya Bunge la Uingereza, iliyo wazi mtandaoni bila malipo. Tafuta mjadala wa usiku wa tarehe 27 Julai 1959. Utamkuta Barbara Castle wa chama cha upinzani, na utamkuta Enoch Powell wa chama tawala akiisuta serikali ya chama chake mwenyewe. Huo nao ni ushahidi wa msingi, ila si ushahidi wa yaliyotokea mferejini. Wote wawili hawakuwapo. Ni ushahidi wa yale ambayo London ilijua kufikia Julai, na yale ambayo wanasiasa waliona yafaa kusemwa miezi michache kabla ya uchaguzi. Hati ileile hujibu swali moja vizuri na lingine vibaya, kutegemea unaliuliza nini.

Kuna jambo moja zito kuhusu majalada ya Kenya. Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, alielekeza kwamba serikali mpya za makoloni zisikabidhiwe karatasi ambazo zingeweza kuiaibisha serikali ya Uingereza au kuwafichua watoa habari wake. Majalada mengine yalipigwa mhuri wa herufi W, yakawa ya kushikwa na maofisa Wazungu peke yao. Mengi yalichomwa, mengine yakasafirishwa. Mwaka 2011, wakati wazee waliopitia kambi walipokuwa wakiishtaki serikali ya Uingereza London, ilibidi ikubali kwamba ilikuwa na majalada hayo katika bohari la Hanslope Park, yakiwemo takriban 1,500 ya Kenya. Leo yanasomwa katika hifadhi ya nyaraka ya Kew, London, chini ya alama FCO 141. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa fidia watu 5,228.

Kwa hiyo, ukikuta jalada Nairobi linaruka kutoka ukurasa wa 14 hadi wa 19, usipite tu. Andika kwamba kurasa nne hazipo. Angalia kama orodha ya mwanzoni inazitaja. Pengo nalo linasomwa.

Kuhusu simulizi za wazee, kuna wanaozidharau kwa kuwa kumbukumbu huchakaa. Huchakaa kweli, hasa kwa tarehe na hesabu. Lakini taarifa ya Machi 1959 ilikuwa mbichi kabisa na bado ilipotosha. Ukienda kwa mzee, usianze na "walikuwa wangapi?" Mwamkie, mwache apumue, kisha muulize alikuwa amekaa wapi, nani alikuwa kando yake, walikuwa wameshika nini mkononi. Mambo ya mwilini hukaa. Baadaye ndipo umweleze majalada yanavyosema, na usishangae akicheka.

Mmoja wa waliofungua kesi ile ya London mwaka 2009 alikuwa Hola siku hiyo. Alieleza mahakama kwamba alipigwa hadi akapoteza fahamu, akalazwa pamoja na maiti 11 akidhaniwa amekufa. Katika taarifa ya gari la maji hayumo: hakuwa miongoni mwa waliokufa, na aliyeiandika hakuwa akiwahesabu waliobaki hai. Maelezo yake yaliingia kwenye kumbukumbu za mahakama zaidi ya miaka 50 baadaye, nayo sasa ni hati kama ile nyingine, yenye tarehe, sahihi na namba ya jalada.