Je, wajua kwa nini wasanii wa Mombasa huhamia Nairobi?

Wengi husema ni pesa. Ni kweli, ila pesa nazo hukaa penye studio, ukumbi na fundi wa mitambo, na vingi vya hivyo viko Nairobi.

Haikuwa hivi siku zote. Zamani Mombasa ndiyo iliyovuta watu. Mwimbaji wa taarab Zein l'Abdin alizaliwa Lamu, lakini udi wake, ile ala ya nyuzi, ulivuma akiwa hapa. Mji ulikuwa na vya kumshika msanii: duka la Assanand lilitoa sahani za santuri za taarab kwa nembo ya Mzuri, na harusi za Mji wa Kale hazikukosa mwimbaji. Mtu aliweza kulala kwao na wimbo wake ukasikika mbali.

Mnyororo huo ulipokatika, watu wakaanza kuondoka. Them Mushrooms, waliopigia watalii muziki kwenye hoteli za pwani, walihamia Nairobi mwaka 1987. Huko ndiko liliko Jumba la Michezo ya Kuigiza la Kitaifa, lililofunguliwa 1952, na ndiko watoao kazi za matangazo na filamu wanakoishi. Kijana wa Likoni mwenye sauti nzuri hana budi kuhesabu nauli na kodi ya chumba kabla hajaimba neno.

Basi tujenge jumba? Ngoja kwanza. Pale Zanzibar, chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy) kimefundisha ala za taarab kama udi, kanuni na fidla tangu 2002. Mwaka 2019 kilikaribia kufungwa kwa sababu fedha za wafadhili zilikwisha. Walimu walikuwepo, wanafunzi walikuwepo, jengo lilikuwepo. Mishahara ndiyo iliyokosekana. Mimi naliona hilo ndilo somo kubwa kwa Mombasa, maana wanasiasa wetu hupenda kukata utepe kuliko kulipa fundi kila mwezi.

Katiba ya 2010 imeziachia kaunti shughuli za utamaduni, kwa hiyo bajeti hii tunaweza kuidai hapa hapa. Ningeanza na chumba cha mazoezi chenye vyombo na fundi mwenye mshahara, kikiwa wazi hadi usiku, kwa sababu wasanii wengi mchana wako vibaruani. Jukwaa kubwa lifuate. Wateja wapo: kila msimu wa harusi watu hulipia taarab na chakacha.