Mikorosho ya babu: kusoma historia ya shamba la ukoo Newala

Shamba letu liko Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, si mbali na Shimo la Mungu, pale unapochungulia bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake. Hakuna karatasi inayoeleza lilivyoanza. Lakini mimi ni afisa ugani wa korosho, na shamba nimejifunza kulisoma kwenye miti.

Upande wa mashariki mikorosho imebanana, matawi yameshikana, chini giza. Hiyo ni ya babu. Enzi zake watu walifukia mbegu karibu karibu. Sisi leo tunashauri mita 12 kwa 12, kama miti 28 kwa ekari, kwa sababu mkorosho huzaa kwenye ncha za matawi zinazopigwa na jua.

Katikati miti ni mirefu, myembamba, kama inayonyoosha shingo. Ilikulia porini. Miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijijini, na mashamba ya mbali yakaachwa. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000. 1986/87 hazikufika 20,000. Bei ndogo ilichangia, halafu ubwiriunga ukamalizia: ukungu mweupe unaounguza maua, hasa nyakati za baridi na umande. Ndiyo maana tunapuliza salfa, dawa ya unga, alfajiri, upepo ukiwa umetulia na majani bado yana unyevu wa kuishika.

Jambo zito zaidi halionekani kwenye matawi. Kwa Wamakonde urithi ulifuata upande wa mama. Babu alipofariki, wapwa zake walidai ardhi; mama yangu na ndugu zake wakadai miti, maana waliipanda pamoja na baba yao. Kila upande ulikuwa na haki. Zao la kudumu liliikuta mila iliyozoea mihogo na mtama, mazao ya kung'oa na kuhama. Wazee walikaa siku tatu. Wapwa walichukua magharibi, sisi mashariki na katikati, na njia iliyo kati yetu ikabaki ya wote. Naiona hukumu ile ni ya busara kuliko nyingi nilizoshuhudia kazini.

Mwaka huu nimekata mikorosho saba ya babu, nikaacha visiki. Machipukizi yamefikia unene wa kubebesha, yaani kuunganishiwa vikonyo, vijitawi vya mti wa mbegu bora, na hivyo tayari nimeahidiwa. Mpwa mmoja wa babu, mzee sasa, ameniomba nikimaliza nivuke njia nikambebeshee na ya kwake.